SOMO LA SABA: KUBOMOA KWA AKILI

 

Leo tutazungumza habari za vifaa vya zamani vinavyofanya kazi mpya. Hapa Laela, mtu akijenga nyumba mpya, mara nyingi huibomoa ile ya kwanza. Mwenye haraka huiangusha kwa siku moja, akabaki na vipande vya matofali na mabati yaliyopasuka. Mwenye subira huanzia juu: mabati, kisha mbao, milango na madirisha, na mwisho matofali. Matofali yaliyojengwa kwa udongo huachana mazima. Yaliyojengwa kwa saruji huvunjika upesi.

Je, kazi hii ni ngeni kwetu? Hasha. Sikilizeni historia ya meli ya Liemba.

Meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Goetzen. Urefu wake ni kama meta 71. Haikuweza kufika Ziwa Tanganyika kwa njia ya maji. Basi ikafunguliwa, ikatiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam, halafu Kigoma kwa gari moshi. Huko mafundi wakaiunga upya, ikashushwa majini mwaka 1915.

Julai 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kwanza mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito, isishike kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaona mitambo bado inafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa hilo. Kwa miaka mingi ilichukua abiria na mizigo hata Kasanga, bandari yetu ya Ufipa.

Sasa fikirini: masanduku 5,000 bila alama wala orodha, nani angejua kipande hiki ni cha wapi? Hapo ndipo kusoma na kuandika kunapoingia. Ukibomoa nyumba, chukua chaki, andika namba juu ya kila mlango na fremu yake. Hesabu mabati, uandike katika daftari. Ukiuza, utajua umeuza mangapi, na hakuna atakayekupunja.

Maswali:
1. Meli ilizamishwa mwaka gani? Iliopolewa mwaka gani?
2. Kwa nini mitambo ilipakwa mafuta?
3. Andika orodha ya vifaa vya nyumba yako vinavyoweza kutumika tena.

Kwaherini, mpaka juma lijalo.