Ngano ya Hanang na Swali la Uwakili

Wenzetu wanaotumika Maretadu wanazijua nyanda za Basotu zilizo jirani yao. Huko ndiko, tangu mwisho wa miaka ya 1960 hadi 1993, Serikali ya Kanada ilikoisaidia Tanzania kulima ngano kwa mashine. Mwenye mashamba alikuwa Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO. Yalikuwa saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Gidagamowd na Waret, kila moja ekari zipatazo 10,000.

Tukiutazama mpango ule kwa macho ya mkaguzi wa hesabu, hatuwezi kusema ulikosa usimamizi. Sehemu kubwa ya msaada ilikuja kama matrekta, mashine za kuvunia na wataalamu kutoka Kanada kwenyewe, na vitu vya namna hiyo huhesabika kwa urahisi. Lakini ardhi haikuingia daftarini kama gharama. Wabarabaig walilisha ng'ombe wao hapo kwa kufuata majira, na kwa mgeni malisho yaliyopumzishwa yalifanana na pori lisilo na mwenyewe. Yalilimwa. Hata makaburi ya wazee wao, wanayoyaheshimu mno, mengine yalipitiwa na plau.

Swali la ardhi lilipoulizwa hatimaye, liliulizwa na walioumia wenyewe. Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzao 67 waliishtaki NAFCO. Mwaka 1984 Mahakama Kuu, Arusha, iliwapa ushindi na fidia. Lakini Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema kijiji hakikuonyesha kuwa kilikuwa kimegawiwa ardhi ile kisheria. (Sisi wachungaji, ambao viwanja vya baadhi ya sharika zetu bado havina hati, tusiyapite maneno hayo kwa haraka.)

Mtume Paulo alipokusanya mchango kwa ajili ya watakatifu, kama tusomavyo katika 2 Wakorintho 8, hakutaka uwe mikononi mwa mtu mmoja. Alimtuma Tito pamoja na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili pasiwe na lawama. Katika mkataba wa Hanang mhisani alikuwa na macho yake, na NAFCO macho yake. Mfugaji, ambaye mali yake ndiyo iliyotumika, hakuwa na ndugu aliyemchagua. Kanada ilipojitoa mwaka 1993, shauri la malisho lilikuwa bado halijatulia. Na ni baadaye tu, mashamba ya NAFCO yalipogawanywa upya, sehemu yake ilipowarudia wanavijiji.