Msichana aliyezikwa kitandani: Kaburi la kale lililofukuliwa kabla ya nyumba kujengwa

MWAKA wa 2011, wanaakiolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, walikuwa wakichimba shamba moja huko Trumpington, kusini mwa mji huo, kabla ya kazi ya kujenga mtaa mpya wa makazi kuanza mahali hapo. Humo walifukua kaburi la msichana wa umri wa miaka 16 hivi, aliyezikwa katika karne ya saba akiwa amelazwa juu ya kitanda cha mbao, na kifuani ana msalaba wa dhahabu uliopambwa kwa vito vyekundu.

Msalaba huo ni mdogo, upana wake ukiwa takriban sentimita 3.5, na ulikuwa umeshonwa kwenye nguo. Aliyezikwa alikuwa Mkristo, bila shaka, wakati ambapo dini hiyo ilikuwa bado changa miongoni mwa Waanglo-Saksoni. Wamishonari wa Roma walifika Kent mwaka wa 597. Hata hivyo, alizikwa na kisu na shanga za kioo, kwa desturi ya wazee wake wa kabla ya Ukristo.

Mbao za kitanda zilikwisha kuoza. Kilichosalia ni vyuma vilivyokuwa vimeziunganisha, na ni mpangilio wa vyuma hivyo udongoni uliofichua kwamba hapo palikuwa na kitanda. Lau tingatinga lingetangulia, huenda fundi mwenye macho makali angeiona dhahabu na kuiokota. Kitanda kisingejulikana kamwe. Hapa ndipo penye uzito wa jambo lenyewe: vitu vya thamani huweza kuokolewa hata na mpita njia, lakini namna vilivyokaa ardhini husomwa mara moja tu, kisha basi.

Uingereza haikuwa na utaratibu thabiti wa kazi hii tangu zamani. Mwaka wa 1989 palizuka mzozo mkubwa jijini London baada ya mabaki ya ukumbi wa maigizo wa Rose, wa karne ya 16, kugunduliwa mahali palipokusudiwa kujengwa jumba la ofisi. Mnamo Novemba 1990 serikali ilitoa mwongozo wa mipango ya ujenzi uliozitaka halmashauri zipime thamani ya kiakiolojia ya ardhi kabla ya kutoa idhini. Tangu hapo gharama ya uchimbaji imekuwa ikiangukia mstawishaji. Mwongozo huo umebadilishwa zaidi ya mara moja, ila msingi wake ungalipo. Kuhamisha mifupa ya binadamu nako kunahitaji kibali cha serikali chini ya sheria ya maziko ya mwaka wa 1857.

Kazi huanza kwa mitaro ya majaribio. Ikionyesha dalili, udongo wa juu huondolewa kwa mashine yenye ndoo isiyo na meno, ili isikwaruze kilicho chini. Shimo au handaki lililojaa zamani huonekana kama doa lenye rangi tofauti na udongo unaolizunguka. Kuanzia hapo, kazi ni ya sepeto na brashi.

Shamba la Trumpington lilikuwa na historia ya kilimo ndefu kuliko walivyodhani wengi. Katika karne ya 20 lilitumiwa na taasisi ya utafiti wa mbegu, Plant Breeding Institute, iliyozalisha viazi aina ya Maris Piper ambavyo Waingereza huvipenda sana kwa chipsi. Chini ya viazi hivyo palikuwa na mashimo ambamo wakulima wa Enzi ya Chuma waliweka nafaka, makazi ya Waanglo-Saksoni, na makaburi ya Enzi ya Mawe yaliyomtangulia msichana huyo kwa zaidi ya miaka 4,000.

Naye hakuwa mzaliwa wa hapo. Uchunguzi wa kikemikali wa mifupa na meno yake, uliotangazwa mwaka wa 2023, ulionyesha kwamba huenda alizaliwa karibu na milima ya Alps, pengine kusini mwa Ujerumani, akafika Uingereza baada ya kutimiza miaka saba, na kwamba kiwango cha protini katika chakula chake kilipungua baada ya kuhama. Alikuja na nani, na kwa nini, mifupa haisemi.

Hapa Kenya, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka wa 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale kutoa taarifa kwa makavazi hayo. Sheria ya mazingira ya mwaka wa 1999 nayo inataka tathmini ifanywe kabla ya miradi mikubwa kuanza. Ya kwanza hufanya kazi baada ya jembe kugonga mfupa, ya pili kabla, na ni hiyo ya pili inayofanana na utaratibu uliomwokoa msichana wa Trumpington.

Msalaba wake sasa umo katika makavazi ya akiolojia na anthropolojia ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Shambani, nyumba zimekwisha kujengwa na watu wanaishi humo.