Mkazo wa Kilatini katika Mashamba ya Michikichi ya Tshopo

Katika mashamba ya michikichi ya Lokutu, yanayofika hadi teritori ya Yahuma, wataalamu wa mbegu hawawezi kufanya kazi bila maneno matatu ya Kilatini: dura, pisifera na tenera. Chikichi cha dura kina kifuu kinene. Cha pisifera hakina kifuu. Tenera, uzao wa aina hizo mbili, ina kifuu chembamba na nyama nyingi ya kukamuliwa mawese. Watafiti Beirnaert na Vanderweyen ndio walioeleza urithi huo wa kifuu, huko Yangambi, mwaka 1941, na kilimo cha mawese duniani kingali kinautegemea.

Mwanafunzi wa Kisangani aliyefundishwa kwa Kifaransa huelekea kuyatamka maneno hayo Kifaransa: u ya dura huibana midomoni, mkazo huusukuma mwishoni. Sioni sababu ya kuendelea hivyo. Wafaransa wenyewe waliwahi kubadilika. Neno caelum, yaani mbingu, walizoea kulisoma “selom”, ilhali Roma husema “chelum”, na wanaofuata matamshi ya enzi za Cicero husema “kailum”. Mwaka 1912 Papa Pius X alimwandikia Askofu Mkuu wa Bourges akiyasifu matamshi ya Kiroma, nayo yakaenea katika makanisa ya Ufaransa.

Msemaji wa Kiswahili huanza na mtaji mzuri, kwa kuwa irabu zake tano zinatosha kabisa kusoma dura. Anapokwama ni kwenye mkazo. Kwa mazoea atasema tenéra na pisiféra, kumbe ni ténera na pisífera. Kanuni ya Kilatini ni hii: silabi ya pili kutoka mwisho hubeba mkazo ikiwa ina irabu ndefu au irabu mwambatano, au ikifungwa na konsonanti; la sivyo, mkazo hurudi silabi moja nyuma. Ndiyo maana mchikichi tunauita Elaeis guineénsis, lakini kahawa ya robusta ni Coffea canéphora. Si jambo geni kwetu: anayetofautisha barabára ya magari na barábara ya kukubali tayari ana sikio la kazi hii.

Majina yaliyotokana na watu yanahitaji busara zaidi. Katika Gilbertiodendron dewevrei, mti wa limbali, jina la Dewèvre lisikike kwanza, kisha kiishio cha Kilatini.

Wapo wanaosema haya hayana uzito. William Stearn, bingwa wa Kilatini cha mimea, aliona inatosha jina lipendeze sikioni na lieleweke. Nakubali kwa mazungumzo ya shambani. Darasani siafiki, maana mwanafunzi asiyepewa kanuni hubaki kumwiga mwalimu wake, na kila mwalimu ana lafudhi yake.

Nawaomba walimu wa mkondo wa sekondari wa Latin-Philo na wa kilimo jijini Kisangani waweke alama ya mkazo juu ya kila jina katika orodha wanazowapa wanafunzi.