Dhamana ya Mnakili: Kutoka kwa Mwalimu Sikujua hadi Akili Unde

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo naanza kwa kuomba radhi. Mwaka jana niliwatumia baadhi ya washairi wenzangu ubeti mmoja, nikausifu, nikausema kuwa ni wa Muyaka bin Haji. Haukuwa wake. Haukuwa wa mtu yeyote. Ili nieleze jinsi mwalimu mstaafu, aliyetoka chuo cha ualimu na kusomesha Kiswahili sekondari kwa zaidi ya miaka 30, alivyoteleza namna hiyo, sina budi kuwarudisha kwanza Mombasa ya karne ya 19.

Muyaka alifariki yapata mwaka 1840, muda mfupi baada ya mji wake kuangukia mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837. Mashairi yake mengi yalibaki vifuani mwa watu. Miongo kadhaa baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kutoka kwa waliokuwa wakiyakumbuka, akayaandika na kumfafanulia William Taylor, mmisionari wa Kiingereza aliyekaa Mombasa. Karatasi za Taylor ziliishia London, na William Hichens akazitumia kutayarisha diwani iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz naye akatoa kitabu chake juu ya Muyaka na ushairi wa zama zake. Huo ndio mlolongo wa wapokezi, na kila aliyeyashika mashairi hayo kwa kalamu ana jina.

Sisemi kwamba wapokezi hao hawakukosea. Hati ya Kiarabu ikiandikwa bila alama za ziada haitofautishi e na i, wala o na u. Anayeigeuza kuwa herufi za Kirumi hana budi kuchagua, na mwenye kuchagua huweza kukosa. Zipo pia tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo ambazo wataalamu hawajakubaliana ni zipi hasa zilizo zake. Lakini kosa la mnakili mwenye jina lina pa kushikwa. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tendi watafiti kama Alice Werner, Hichens na Ernst Dammann. Tukitilia shaka neno katika nakala yake, twajua mkono ulioandika ni wa nani, aliishi wapi na alimwandikia nani. Mnakili aliweka jina lake rehani, na mlango wa kumhoji ukabaki wazi hata baada ya kufa kwake.

Sasa nije kwenye kuteleza kwangu. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhadhiri, alinitumia rasimu ya makala yake juu ya siasa katika mashairi ya Muyaka, nimpitishie jicho kabla hajaipeleka kwenye jarida. Ndani yake palikuwa na ubeti ambao sikuwahi kuuona. Mizani ilikuwa 8 kwa 8, vina vya kati na vya mwisho havikuyumba, na chini yake pametajwa kitabu na ukurasa. Niliupenda. Kabla sijafungua kitabu chochote, niliwatumia wenzangu.

Usiku wa pili, nikiughani peke yangu, maneno mawili yakanikwaza: "macho" na "njia". Muyaka ni Mmvita. Ningetarajia "mato" na "ndia". Hilo peke yake si ushahidi, kwani mhariri huweza kusanifisha. Lakini lilitosha kuniondoa kitini. Niliipekua diwani ya Hichens, nikapekua kitabu cha Abdulaziz ukurasa kwa ukurasa. Ubeti haukuwamo. Ukurasa uliotajwa ulikuwa na shairi jingine kabisa.

Nilimpigia simu. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, niliiuliza programu ikanipa. Nilikuwa na haraka, nikauamini." Sikumkaripia. Ningeanzia wapi, ilhali yeye alikuwa amenionyesha mimi peke yangu, nami nimeshaueneza?

Hapa inafaa tuelewe kilichotokea. Programu za akili unde, ambayo wengine huiita akili mnemba au akili bandia, hufunzwa kwa maandishi mengi mno, kisha huunda sentensi kwa kukadiria kipande cha neno kinachoelekea kufuata. Ukiiomba ubeti wa Muyaka, huweza kukupa kinachofanana na ubeti wa Muyaka. Ukiidai chanzo, huweza kukupa kinachofanana na chanzo. Siku hizi baadhi ya programu hizo hupekua pia intaneti kabla ya kujibu, lakini kazi ya kufungua kitabu na kuhakikisha bado ni ya mtafiti. Tusiseme imetudanganya, maana mwongo anaujua ukweli anaouficha. Programu ilijaza pengo tu, sisi tukaliita Muyaka.

Ulimwengu wa majarida nao ulilazimika kulijibu swali hili upesi. ChatGPT ilitolewa kwa umma Novemba 2022, na katika muda wa miezi michache makala kadhaa za kitaaluma zikawa zimeiorodhesha miongoni mwa waandishi. Januari 2023 jarida la Nature likatangaza kwamba halitakubali programu ya namna hiyo kuwa mwandishi. Mwezi uliofuata COPE, kamati ya kimataifa ya maadili ya uchapishaji, ikatoa msimamo kama huo: programu haiwezi kuwajibika kwa kazi iliyowasilishwa, hivyo haiwezi kuwa mwandishi, anayeitumia aeleze wazi ameitumiaje, na abebe dhamana ya kila kilichomo. Niliposoma msimamo huo niliona si mgeni kwetu. Ni dhamana ile ile ya mnakili, sasa imeandikiwa kanuni.

Kwetu sisi wa Kiswahili hatari ni kubwa zaidi. Ubeti wa uongo ukibandikwa kwa Shakespeare, wapo maelfu ya kuukanusha, na matoleo ya tamthilia zake yamejaa maktaba duniani kote. Muyaka ana diwani chache, nyingine hazipatikani madukani, na wanaoziweka nyumbani wanahesabika. Ubeti ule ungechapishwa katika jarida, mtafiti wa pili angeunukuu kutoka kwa wa kwanza, wa tatu kutoka kwa wa pili, na programu zenyewe zingefunzwa kwa makala hizo. Baada ya miaka 20, nani angethubutu kusema si wa Muyaka?

Mwanafunzi wangu aliuondoa ubeti, akahakiki kila nukuu iliyobaki kwa kitabu mkononi. Alikuwa ameitumia programu ile ile kunyoosha Kiingereza cha ikisiri yake. Hilo hakuliondoa, alilieleza katika tamko mwishoni mwa makala, nami sikuona ubaya. Chombo kinachomsaidia mtu kusema alichokitafiti mwenyewe si sawa na chombo kinachomtungia ushahidi.

Mimi niliwaandikia wenzangu wote, mmoja mmoja, nikiri kosa langu. Mmoja wao, rafiki yangu wa miaka mingi, alinijibu kwamba alikwisha kuughani ubeti ule harusini, na watu waliupenda, wengine wakaurekodi kwa simu. Nimemwomba awatafute. Hajawapata wote.

Kwa hiyo nawasihi, malenga wenzangu: ukikutana na ubeti mzuri usioujua, muulize aliyekupa ameupata kwa nani, na huyo kwa nani. Mlolongo ukikatika pasipo na jina, usiupokee. Na ukiupokea kwangu mimi, niulize vivyo hivyo.