Kutoka Globe hadi Ondiri: kufuata kinamasi kilichobeba Nairobi

Ukiteremka Moi Avenue kuelekea mzunguko wa Globe, utakutana na Mto Nairobi. Mwishoni mwa karne ya 19 bonde hili lote lilikuwa kinamasi cha mafunjo, na Wamaasai walionywesha ng'ombe wao hapa walipaita Enkare Nyrobi, maji baridi.

Reli kutoka Mombasa ilifika tarehe 30 Mei 1899. Wahandisi walipapenda kwa sababu palikuwa na maji, tena palikuwa tambarare ya mwisho kabla ya kupanda milima ya Kikuyu. Walichokuwa wakitafuta ni mahali pa karakana na mabehewa. Mji ulijizukia wenyewe juu ya udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi. Maji machafu hayakuwa na pa kwenda. Mwaka 1902 tauni iliingia katika soko la Wahindi, na soko likateketezwa kwa amri ya serikali. Mwaka 1904 madaktari waliomba mji uhamishwe. Winston Churchill, aliyezuru mwaka 1907, aliandika mwaka uliofuata kwamba wakati wa kuuhamisha ulikuwa umeshapita.

Basi mji ukabaki, wakagawanywa watu. Ripoti ya Profesa Simpson ya mwaka 1913 ilipendekeza kila rangi iwe na mtaa wake. Wazungu walijitwalia miinuko ya magharibi yenye upepo. Waafrika walisukumwa mashariki, mto unakoteremka na uchafu wote wa mji.

Mto huo nimeufuata kinyume na mkondo wake: Chiromo, Riverside, Kileleshwa, Lavington, Kawangware, Dagoretti, hadi Ondiri karibu na mji wa Kikuyu, kwenye chanzo chake. Ondiri ndiyo tingatinga kwa maana ya zamani, kabla neno hilo halijapewa mashine: mimea imefuma zulia juu ya maji, na ukilikanyaga, ardhi inatikisika chini yako. Kinamasi hiki hunywa mvua na kuitoa polepole, mto usikauke kiangazi wala usifurike masika. Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa pia na mafunjo ya Globe, na hakuna mtaro uliowahi kuirithi.

Matokeo yanaonekana hata kwenye miinuko. Agosti 2018 jengo la Ukay pale Westlands, lililozoea kuingiliwa na mafuriko, lilibomolewa kwa kuwa lilisimama kwenye njia ya maji. Masika ya 2024 mito ilivunja kingo, watu wakafa Mathare, na serikali ikaamuru wakazi wa kando ya mito wahame. Wenye nyumba za mabati walibomolewa wakiwa bado wanaomboleza.

Naamini deni hili la kujenga juu ya kinamasi halilipiki kwa kuwafukuza maskini kila masika. Vinamasi vilivyosalia, kuanzia Ondiri, vichorwe kwenye ramani za ardhi na vilindwe kwa sheria. Kibali cha ujenzi kisitolewe kabla haijajulikana mvua ya eneo hilo inapita wapi, na sharti hilo liwe lile lile Lavington na Mathare. Mwaka 1899 swali hilo halikuulizwa, na hadi leo gharama yake inalipwa na wale waliopangiwa kuishi bondeni.