Wachezaji wa Kikapu wa Vyuo vya Marekani Baada ya Chuo: Njia, Mikataba na Ligi

Maana na mipaka

Mchezaji wa zamani wa chuo, kwa maana ya makala haya, ni mtu aliyecheza mpira wa kikapu katika chuo kikuu cha Marekani chini ya NCAA, chama kilichoasisiwa mwaka 1906, kisha akaajiriwa kucheza mchezo huohuo, iwe Marekani au kwingineko. NCAA ina madaraja matatu. Daraja la Kwanza, lenye timu za wanaume zaidi ya 350, ndilo linalotoa karibu wachezaji wote wanaofika NBA wakitokea chuoni. Daraja la Pili na la Tatu hutoa wachache mno, ingawa wachache hao si wa kubezwa. Ben Wallace alitoka Virginia Union, chuo cha Daraja la Pili, hakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 1996, na mwaka 2021 akaingizwa katika ukumbi wa heshima wa mpira wa kikapu ulioko Springfield, Massachusetts.

Mpaka kati ya mchezaji wa ridhaa na wa kulipwa zamani ulikuwa wazi: aliyelipwa hakuwa mwanachuo tena, na mwanachuo hakulipwa zaidi ya ufadhili wa masomo. Tarehe 1 Julai 2021 NCAA iliruhusu wanamichezo walipwe na makampuni kwa matumizi ya majina na sura zao, na mwaka 2025 vyuo vyenyewe vikaruhusiwa kuwagawia sehemu ya mapato. Kinachotenganisha makundi haya mawili sasa ni mwajiri na mkataba, wala si fedha. Mwanafunzi wa kigeni yuko pembeni kidogo, kwa kuwa viza ya masomo humwekea mipaka ya kufanya kazi. Kijana kutoka Mombasa au Mwanza anaweza kukaa benchi moja na mwenzake anayelipwa kwa matangazo, yeye akabaki na ufadhili wake tu.

Wapo wanaokosewa mara nyingi katika kuainishwa. Bismack Biyombo, mzaliwa wa Lubumbashi, Emmanuel Mudiay, mzaliwa wa Kinshasa, na Jonathan Kuminga, mzaliwa wa Goma, wote ni Wakongo na wote walichaguliwa nafasi ya 7 katika drafti ya NBA, mwaka 2011, 2015 na 2021 kwa mfuatano huo. Hakuna hata mmoja wao aliyecheza chuoni. Biyombo alitokea Hispania, Mudiay China, na Kuminga timu ya G League Ignite iliyoundwa kwa ajili ya vijana waliotaka kuruka hatua ya chuo. Nafasi hiyo ya 7 haina maelezo. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayostahili kuhifadhiwa.

Khaman Maluach alipita njia iliyopinduka. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Uganda, akacheza Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ikiwemo na City Oilers ya Kampala mwaka 2024, na baada ya hapo ndipo akaingia Chuo Kikuu cha Duke. Mwaka 2025 alichaguliwa nafasi ya 10. Alitoka katika ligi ya kulipwa akaingia chuoni, kisha akarudi katika ligi ya kulipwa. Mfuatano huo huvuruga jedwali lolote linaloanza na neno “chuo”.

Drafti

Drafti ni utaratibu ambao timu za NBA hupokezana zamu za kuchagua wachezaji wapya kila mwaka. Tangu 1989 ina raundi mbili tu, na kwa timu 30 za leo nafasi kamili ni 60. Kati ya 2022 na 2024 zilikuwa 58, kwa sababu baadhi ya timu zilinyang'anywa nafasi zao kama adhabu. Mwanachuo aliyemaliza miaka minne huingia moja kwa moja. Asiyemaliza huomba, na akiona hali si nzuri anaweza kujiondoa kabla ya tarehe ya mwisho na kurudi chuoni. Ruhusa ya kutoka mapema ilitokana na kesi ya Spencer Haywood, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1971. Tangu drafti ya 2006 mchezaji lazima awe ametimiza au atatimiza miaka 19 katika mwaka huo, sharti lililofunga njia waliyopita Kevin Garnett, Kobe Bryant na LeBron James waliotoka moja kwa moja sekondari.

Mambo matatu huchanganywa katika habari za michezo, nayo hayafanani: kuchaguliwa, kusajiliwa na kucheza. Aliyechaguliwa amepewa timu moja yenye haki ya kuzungumza naye, bado hajaajiriwa. Aliyesajiliwa ana mkataba, lakini mkataba wenyewe unaweza kuvunjwa kabla msimu haujaanza. Aliyecheza ni yule ambaye jina lake limeandikwa katika takwimu za mechi rasmi. Orodha nyingi ambazo vyuo hujivunia huhesabu kundi la kwanza, kwa sababu ndilo lenye sherehe.

Raundi nazo hazilingani. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza hupewa mkataba wa viwango vilivyopangwa, wenye uhakika wa miaka miwili, na timu ikiwa na hiari ya kuuendeleza mwaka wa tatu na wa nne. Wa raundi ya pili hana uhakika wowote kikanuni. Anachopata hutegemea mazungumzo ya wakala wake. Ndiyo maana wakala mzoefu anaweza kupendelea mteja wake asichaguliwe kabisa kuliko kuchaguliwa nafasi ya 55, kwani asiyechaguliwa huchagua mwenyewe timu yenye pengo katika nafasi anayocheza.

Aina za mikataba

Mkataba wa kawaida wa NBA humweka mchezaji kati ya watu 15 wa kikosi. Chini yake upo mkataba wa njia mbili, ulioanza msimu wa 2017–18, ambao humruhusu mchezaji kupanda na kushuka kati ya timu ya NBA na timu ndogo ya G League. Mwanzoni kila timu ilikuwa na nafasi mbili za aina hii, na tangu 2023–24 ni tatu. Mwenye mkataba huu hulipwa nusu ya kima cha chini cha mchezaji mpya, haruhusiwi kuzidisha mechi 50 za msimu wa kawaida, na hachezi hatua ya mtoano mpaka mkataba wake ugeuzwe kuwa wa kawaida.

Upo pia mkataba wa Kiambatisho cha 10, unaompa mchezaji nafasi katika kambi ya mazoezi na bonasi iwapo ataachwa kisha akubali kwenda timu ndogo ya klabu ileile. Mkataba wa siku 10 hutolewa kuanzia tarehe 5 Januari, hasa majeruhi wanapozidi, na mchezaji mmoja hawezi kupewa zaidi ya miwili na timu moja ndani ya msimu. Mwisho ni mkataba wa G League yenyewe, ambao katika miaka ya karibuni umelipa zaidi kidogo ya dola 40,000 kwa msimu, wakati wa njia mbili hulipa zaidi ya dola 500,000. Wachezaji wa aina hizi mbili hulala hoteli moja, hupanda ndege moja na kuvaa jezi moja. Mtazamaji hawezi kuwatofautisha. Karani wa mishahara anaweza.

Timu ndogo

G League ilianza mwaka 2001 ikiwa na timu nane na jina jingine, na hili la sasa ililipata mwaka 2017 kutoka kwa mdhamini wake. Kazi zake ni tatu: kulea wachezaji wachanga, kuhifadhi walio na mikataba ya njia mbili, na kuwapa waliowahi kuwa NBA mahali pa kuonekana tena. Mtazamo kwamba ni jalala la walioshindwa umepitwa na wakati. Fred VanVleet wa Wichita State hakuchaguliwa mwaka 2016. Mwaka 2017 alitwaa ubingwa wa timu ndogo na Raptors 905, na mwaka 2019 ubingwa wa NBA na Toronto. Alex Caruso wa Texas A&M, ambaye naye aliachwa mwaka huohuo wa 2016, alipitia timu ndogo na mkataba wa njia mbili kabla ya kutwaa ubingwa na Los Angeles Lakers mwaka 2020 na Oklahoma City mwaka 2025. Duncan Robinson alianza Williams, chuo cha Daraja la Tatu, akahamia Michigan, akaanza Miami Heat kwa mkataba wa njia mbili, na mwaka 2021 akasaini mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 90.

Mfano wa upande mwingine uko karibu na wasomaji wa Kiswahili. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mwenye urefu wa sentimita 221, alicheza Chuo Kikuu cha Connecticut na mwaka 2009 akachaguliwa nafasi ya 2 na Memphis Grizzlies, baada ya Blake Griffin na kabla ya James Harden. Ndiye Mtanzania wa kwanza katika NBA. Februari 2010 alipelekwa Dakota Wizards, na hadi wakati huo hakuna aliyechaguliwa nafasi ya juu kama yake aliyewahi kushushwa timu ndogo. Alipita Houston, Portland na Oklahoma City, akafikisha mechi 224 za NBA, kisha akaendelea na kazi Japani na Taiwani. Nyumbani jina lake huambatanishwa zaidi na matumaini yaliyopungua. Hukumu hiyo ni kali kupita kiasi: misimu mitano ya NBA ni mirefu kuliko waliyoipata wengi waliochaguliwa pamoja naye, na Anthony Bennett, aliyekuwa wa kwanza kabisa mwaka 2013, hakuifikisha.

Ligi za nje

Idadi kubwa ya wachezaji wa zamani wa chuo wanaoishi kwa kikapu huajiriwa nje ya Marekani. Mkataba wa kawaida wa Ulaya huhesabu mshahara baada ya kodi, na huongezewa nyumba, mara nyingi gari, na tiketi za ndege. Udhaifu wake ni ucheleweshaji wa malipo, na kwa sababu hiyo FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, iliunda mwaka 2007 baraza la usuluhishi lenye makao Geneva, ambalo mchezaji anaweza kulifikishia madai yake bila kupitia mahakama za nchi ya klabu.

Kinachoamua ajira huko, pamoja na kipaji, ni pasipoti. Ligi nyingi za ndani huweka kikomo cha wageni kwa kila klabu. Ligi ya Hispania iliwahesabu raia wa nchi za Afrika zilizoingia Mkataba wa Cotonou wa mwaka 2000 sawa na raia wa Umoja wa Ulaya, na matokeo yake ni kwamba pasipoti ya nchi ya Kiafrika ilipata thamani ya soko ambayo mabalozi wachache waliitarajia. Shane Larkin, aliyetoka Chuo Kikuu cha Miami, alipewa uraia wa Uturuki na akaiongoza Anadolu Efes kutwaa EuroLeague, ligi ya klabu bora za Ulaya, mwaka 2021 na 2022. Kwa timu za taifa FIBA ni kali zaidi: mchezaji mmoja tu aliyepata uraia baada ya kutimiza miaka 16 ndiye anayeruhusiwa kikosini.

Ukubwa wa jina Ulaya haulingani na ukubwa wa jina Marekani, na Kyle Hines ndiye ushahidi. Alitoka Chuo Kikuu cha North Carolina kilichoko Greensboro, si kile maarufu cha Chapel Hill. Hakuchaguliwa, na hakucheza hata mechi moja ya NBA. Alianzia Veroli, mji mdogo wa Italia, na kufikia 2019 alikuwa ametwaa EuroLeague mara nne, mbili na Olympiacos na mbili na CSKA Moscow. Huko China Stephon Marbury, mwanafunzi wa zamani wa Georgia Tech aliyeondoka NBA akiwa amechokwa, aliipa Beijing ubingwa wa 2012, 2014 na 2015.

Afrika Mashariki imo katika ramani hii kwa njia mbili. Ya kwanza ni BAL, iliyoanza Kigali mwaka 2021, ambayo klabu zake huajiri Wamarekani waliotoka vyuoni pamoja na Waafrika waliosoma huko. Ya pili ni timu za taifa. Tylor Ongwae wa Kenya alicheza Louisiana-Monroe, akafanya kazi Denmark na Bakken Bears, na Februari 2021 mjini Yaoundé alifunga kikapu cha mwisho kilichoipa Kenya ushindi dhidi ya Angola, katika safari ya kurudi AfroBasket kwa mara ya kwanza tangu 1993.

Wanawake

Drafti ya WNBA ina raundi tatu, lakini kikosi hakizidi wachezaji 12, na kwa sababu hiyo aliyechaguliwa raundi ya tatu kwa kawaida huachwa kabla ya mechi ya kwanza. Ligi huchezwa majira ya joto. Mwaka 2024 Caitlin Clark wa Iowa, aliyekuwa wa kwanza katika drafti, alianza kwa mshahara wa dola 76,535, na udogo wa viwango hivyo ndio uliowafanya wengi kwa miaka mingi wafanye kazi ya pili majira ya baridi Uturuki, China au Urusi. Brittney Griner wa Baylor alikuwa akienda kwenye kazi ya aina hiyo Yekaterinburg alipokamatwa Urusi Februari 2022. Aliachiwa Desemba mwaka huo.

Kurudi pamoja na kuacha

Tangu 2014 hufanyika Marekani kila kiangazi mashindano ya mtoano yajulikanayo kwa kifupi TBT, yenye zawadi ya dola milioni moja au zaidi katika miaka mingi. Timu zake nyingi huundwa na wachezaji wa zamani wa chuo kimoja, waliotawanyika katika ligi za dunia na kukutana wakati wa likizo zao. Boeheim's Army ya waliosoma Syracuse ilishinda 2021. Carmen's Crew ya waliosoma Ohio State ilishinda 2019 na 2024.

Kuacha ni sehemu ngumu zaidi kuiandika. Wachache hutangaza tarehe. Wengine hukosa tu mkataba wa msimu unaofuata, hungoja simu ya wakala hadi Desemba, hucheza miezi miwili katika ligi ya daraja la chini, kisha huonekana katika orodha ya makocha wasaidizi wa chuo fulani. Kwa hiyo kumbukumbu makini huandika tarehe ya mechi ya mwisho iliyothibitishwa, na safu ya kustaafu huachwa tupu.