Mvumo wa gari

Mvumo wa gari ni sauti nzito ya mfululizo inayosikika gari linapotembea au injini inapowaka. Ni tofauti na mlio wa kugonga, ambao hukatikakatika, na mlio mkali wa breki zilizolika. Mara nyingi mvumo hutoka kwenye matairi, beringi za magurudumu, difu, giaboksi, au injini na vifaa vyake. Kwa kuwa sauti hizo hufanana, mwenye gari anaweza kununua beringi mpya kumbe kasoro ni ya tairi, au akabadilisha matairi huku beringi mbovu ikiendelea kuharibika. Kwa hiyo uchunguzi huanza kwa kujua sauti inafuata nini, kabla ya kufungua kifaa chochote.

Kanuni ya msingi

Kila kitu kinachozunguka hutoa sauti kulingana na kasi ya mzunguko wake. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 huzunguka mara 8.3 hivi kwa sekunde gari likienda kilomita 60 kwa saa. Tairi likiwa na meno 60 kwenye mzingo wake, meno hayo hupiga barabara mara 500 hivi kwa sekunde, yaani hezi 500. Injini ya mapigo manne yenye silinda 4 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika huwa na miwako 100 kwa sekunde.

Mvumo wa gurudumu hufuata mwendo wa gari, gia yoyote iwayo. Mvumo wa injini hufuata mzunguko wa injini, hata gari likiwa limesimama.

Hatua za uchunguzi

1. Gari likiwa limesimama, injini iongezwe mzunguko taratibu. Sauti ikisikika, chanzo kiko kwenye injini, bomba la moshi au vifaa vinavyozungushwa na mkanda, kama alternata. Ikizidi usukani unapokatwa, pampu ya usukani na kiwango cha mafuta yake hukaguliwa. Kwa gari la gia za mkono, sauti ikipotea klachi inapokanyagwa, beringi ya giaboksi hushukiwa.

2. Gari liendeshwe kwenye lami tambarare. Mvumo ukibadilika sana lami inapobadilika, matairi hushukiwa kwanza. Kiganja kikipitishwa juu ya tairi huweza kuhisi mabonde na meno yaliyolika upande mmoja. Matairi ya mbele yakihamishiwa nyuma na sauti ikahama nayo, chanzo kimepatikana. Matairi ya meno makubwa huvuma hata yakiwa mapya.

3. Kwenye kona za taratibu, uzito wa gari huhamia upande wa nje. Mvumo ukizidi gari linapokata kushoto, beringi ya kulia hushukiwa, na kinyume chake. Hiyo ni dalili tu, si uthibitisho.

4. Sauti inayobadilika dereva anapokanyaga na kuachia mafuta, mwendo ukiwa uleule, huelekeza kwenye difu. Kiwango cha oili yake hukaguliwa, pamoja na chembe za chuma ndani ya oili hiyo.

5. Gari hupigwa jeki mahali tambarare, magurudumu mengine yakiwekewa vizuizi na gari likiegemezwa kwenye stendi imara. Gurudumu huzungushwa kwa mkono huku mkono mwingine ukishika springi. Beringi mbovu hukwaruza, na mtetemo wake huhisika kwenye springi. Kisha gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa. Likicheza, msaidizi akanyage breki: mchezo ukiisha, kasoro ni ya beringi, ukibaki, boljointi zikaguliwe.

Katika barabara za Mbulu na Hanang

Tumati ni kata ya Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, katika nyanda za juu za ukingo wa Bonde la Ufa. Katika maeneo hayo magari hupita sana kwenye udongo na changarawe. Kelele za mawe na mtikisiko huficha mvumo, na dereva huweza kuusikia mara ya kwanza anapoingia kwenye lami, kwa mfano ile ya Babati–Singida inayopita Katesh. Hapo hudhani kasoro imeanza siku hiyo, kumbe ilikuwapo.

Vumbi, matope na maji ya vijito hupenya sili iliyochakaa, huharibu grisi na kuachia kutu kwenye gololi. Kwa hiyo ukaguzi baada ya masika una faida.

Madereva wengine hupima mvumo kwa kuweka gia huru gari likiwa kwenye mwendo. Jaribio hilo halifai kabisa kwenye miteremko, kama ule wa Magara, kwa sababu gari hukosa msaada wa injini na breki hupata moto kupita kiasi.

Matengenezo na usalama

Beringi za zamani zenye gololi za mshazari huweza kusafishwa, kupakwa grisi na kukazwa kwa kipimo. Zile zilizofungwa pamoja na habu hubadilishwa zote. Beringi huingizwa kwa mashine ya kukandamiza. Ikipigwa nyundo, gololi huchimba njia yake na mvumo hurudi mapema.

Mvumo wa tairi huweza kusubiri kama tairi halijapasuka wala kuisha meno. Mvumo wa beringi unaoandamana na mchezo wa gurudumu au habu yenye moto mkali hausubiri: gurudumu huweza kukwama au kuchomoka. Gari la namna hiyo halipaswi kupakia abiria hadi litengenezwe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 nchini Tanzania nayo inataka gari linalotumika barabarani liwe katika hali nzuri.